Darasa la Alfajiri kwa Bi Zaituni

Habari za kifo cha Bi Zaituni zilinikuta sokoni Morogoro, nimeinama nachagua nyanya. Mwanaidi, bintiye, aliyenipigia simu, hakunizungusha. Alisema, "Dada Tumaini, mama ametangulia. Tumemzika jana alasiri." Nikabaki nimesimama na nyanya mkononi mpaka muuzaji akaniuliza kama nanunua au namshikia. Siku ya nne nilikuwa Kilindoni, kisiwani Mafia, nimekaa mkekani katika chumba cha mbele cha nyumba yake, nimejitanda kanga kichwani kama wenzangu, nasikiliza wanawake wakisoma hitima. Hakuna aliyeniuliza Mkristo kama mimi nafuata nini pale. Mama mmoja wa makamo, ambaye sura yake niliikumbuka bila jina, alinisogezea mto akasema, "Egemea, mwalimu. Ukuta huo unakujua." Ni kweli unanijua. Kwa sehemu kubwa ya mwaka mmoja, nilipokuwa msichana ambaye hata kupika wali wa nazi sikujua, niliuegemea ukuta ule kila alfajiri nikiwafundisha vijana wa kanisa langu habari za manabii wa Mungu: wale wa zamani, na hawa wa siku zetu. Mwenye ukuta amekufa bila kuliamini hata neno moja la hiyo sehemu ya pili, na aliniambia hivyo tangu siku ya kwanza.

Nilipangiwa Mafia mwaka wangu wa kwanza wa kazi, kufundisha Kiswahili na Historia katika shule ya sekondari. Chumba nilichopanga kwa Bi Zaituni kilikuwa cha uani, kitanda cha kamba, meza moja fupi, na dirisha lililotazama mpapai na jiko la kuni. Kuta za ndani hazikufika juu. Ziliishia kimo cha mtu na mkono wake, na juu yake palikuwa wazi mpaka kwenye bati. Kwa hiyo nyumba nzima tulikuwa na masikio ya pamoja. Nilijua kikohozi cha nani ni kipi, na nilijua Mwanaidi, aliyekuwa darasa la sita, anapojifanya amelala ili asitumwe dukani. Alasiri nilimsikia Bi Zaituni barazani akiwasomesha Kurani watoto wa mtaa. Alikuwa mjane, marehemu baba yake alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, naye akakirithi. Hakuwa na fimbo. Mtoto akikosea, alinyamaza tu, na kile kimya kilimfanya mtoto arudie mwenyewe mpaka apatie. Mimi niliyetoka chuo cha ualimu na cheti changu nilikijaribu kimya hicho sekondari, kikanishinda. Darasa langu lilikiona ni ruhusa ya kupiga soga. Asubuhi aliniletea chai ya mchaichai na muhogo wa kuchemsha, wakati mwingine na kipande cha pweza aliyebaki usiku, nami nilikula nikiwa nimesimama, kwa haraka ya darasa jingine lililokuwa likinisubiri kabla ya shule.

Darasa hilo lilikuwa la kanisa letu. Ni kanisa dogo, hata leo watu wengi nchini hawajalisikia, na kisiwani tulikuwa familia tatu tu za wafanyakazi kutoka bara, tukikutana sebuleni kwa Ndugu Kalinga, ofisa wa uvuvi. Sisi tunaamini kwamba Mungu hakuacha kusema. Kwamba kama alivyomwita Musa, anaita watu leo, wakiwa hai, wenye miwani na magoti yanayouma. Vijana wetu hufundishwa kila siku ya shule, alfajiri. Nilikuwa nimemaliza chuo, sina mume wala mtoto, kwa hiyo Ndugu Kalinga alinitazama tu Jumapili yangu ya pili akasema, "Dada Tumaini, darasa ni lako." Vijana walikuwa watano. Mkubwa wao alikuwa Rehema, wa kidato cha tatu, binti wa muuguzi, msichana mrefu mwenye maswali mafupi. Tulianza na maandiko, kisha tukafungua jarida la kanisa lenye hotuba za manabii wa sasa, lililotufikia kutoka Dar es Salaam kwa mkono wa yeyote aliyesafiri, mara nyingine likinuka samaki. Nilipenda kuyaweka maneno hayo mawili pamoja, la kale na la jana. Nikiwa na umri ule, nilidhani kazi yangu ni kuonyesha kwamba yanafanana.

Kabla ya mvua za masika Ndugu Kalinga akahamishiwa Lindi. Nyumba ilikuwa ya serikali, aliyemfuata hakuwa wetu. Ibada ya Jumapili ilihamia kwa mama yake Rehema, lakini yeye alikuwa na zamu za usiku hospitalini, na alfajiri ndiyo saa aliyolala. Darasa likakosa pa kukaa. Nikazunguka nalo kichwani siku kadhaa, kisha alasiri moja, watoto wa chuo wakiwa wameshakwenda, nikamfuata Bi Zaituni uani. Alikuwa amekalia mbuzi anakuna nazi.

"Shikamoo, Bi Zaituni."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umesimama kama aliyekuja kuposa? Kaa."

Nikakaa, nikamweleza. Hakuacha kukuna.

"Watoto wangapi?"

"Watano."

"Na mnasoma nini?"

"Biblia. Na maneno ya manabii."

"Musa, Ibrahimu, Yusufu. Hao nawajua."

Ningeweza kuishia hapo. Lakini nilikuwa nakula chakula chake na kulala chini ya bati lake. Nikasema, "Hao, na wengine. Sisi tunaamini Mungu bado anaita manabii. Yupo mmoja leo, yu hai. Tunasoma na maneno yake."

Mkono wake ukasimama. "Yu hai wapi?"

"Ng'ambo. Mbali."

"Anakula, anaumwa, kama watu?"

"Anakula, anaumwa. Ni mzee sana."

Alikitazama kifuu kilichokuwa mkononi mwake, akakigeuza. "Hilo mimi siliamini," akasema, "na usitazamie kuwa nitaliamini. Mtume wetu ndiye wa mwisho, baada yake hakuna. Nakwambia mapema, usije ukaniona nimenyamaza ukadhani nimekubali."

"Nimeelewa, Bi Zaituni."

"Wazazi wao wanajua wanakokuja?"

"Wanajua."

Akarudi kukuna. Nilidhani mazungumzo yamekwisha, nikajiandaa kuinuka. "Chumba cha mbele asubuhi hakina mtu," akasema. "Mtangoja tumalize sala. Kuimba hapana mpaka jua litoke, jirani ana mtoto mchanga. Na Mwanaidi wangu umwache na chuo chake."

Nikamwahidi, na ahadi hiyo niliishika, ingawa Mwanaidi mwenyewe alitega masikio kwa juu ya ukuta kama sote tulivyokuwa tukifanya. Vijana walikuja wakiwa na sare za shule, miguu imelowa umande, wanavua viatu mlangoni kwa mpangilio ambao kwa Ndugu Kalinga hatukuujua. Chumba kilinukia udi wa Ijumaa na mafuta ya taa. Tulisoma kwa sauti za chini, nyuma ya ukuta kuni zikilia na Bi Zaituni akipekecha uji, na tulipomaliza, mara nyingi palikuwa na sinia la vitumbua kizingitini, limewekwa bila neno. Nikimshukuru alisema vitumbua vimezidi. Vilizidi karibu kila Jumatatu.

Watu hawakukawia kusema. Ijumaa moja nilikuwa chumbani nasahihisha mitihani, nikasikia baiskeli ikiegeshwa. Alikuwa mdogo wake Bi Zaituni, Mzee Athumani wa kijiji cha Kiegeani, mkulima na muadhini, mtu mpole ambaye hakuja bila mkungu wa ndizi. Alisalimia, akapewa maji, akanywa.

"Dada, watu wanasema."

"Watu wana midomo, Athumani. Mungu kawapa."

"Wanasema katika nyumba ya baba anafundishwa nabii wa uongo. Baba aliyekusomesha Kurani humu humu."

"Baba alinisomesha na haki ya jirani. Siku hiyo hukuwapo? Au ulikuwa umetoroka kwenda kuogelea?"

Mzee Athumani hakucheka. "Watoto wa Bi Hadija hawaji tena chuoni kwako. Na wale wa Makame nao."

"Najua. Nafundisha mimi. Mahali patupu napaona."

Nikaiweka kalamu chini. Nilikuwa nimeona baraza limepungua, nikadhani ni surua, au msimu wa kupanda. Nilimsikia Mzee Athumani akishusha sauti, na iliposhuka ikawa sauti ya mdogo mtu, siyo ya muadhini. "Hunionei huruma, dada? Msikitini naulizwa mimi."

"Nakuonea," akasema Bi Zaituni. "Sana nakuonea. Waambie dada yako anajua anachokiamini, haogopi kusikia cha mwenzake nyuma ya ukuta."

Kesho yake nilimwambia nitahamisha darasa, tutakaa hata chini ya ngazi za shule. Akaniuliza nani kaniambia. Nikamwambia, ukuta. Alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Kisha akasema jambo ambalo nimelifikiria miaka yote hii kila ninapotaka kufanya wema wa kukimbia. "Ukihama sasa watasema nimekufukuza, na mimi sikukufukuza. Kaa mpaka mwaka uishe. Ukiondoka, uondoke kwa safari yako." Nikakaa. Baraza lake halikujaa tena mwaka ule, na hakuwahi kulitaja. Mimi ndiye niliyekuwa nikihesabu vichwa kwa jicho la pembeni nikirudi shuleni, na sikuona njia ya kumlipa zaidi ya kufundisha vizuri.

Katikati ya kipupwe somo letu lilifika kwenye kufunga na kuomba. Tulisoma habari za Esta na watu wake, tukasoma na hotuba ya nabii wa sasa iliyosema kwamba mlango unaobishwa kwa imani hufunguliwa. Wiki ile ile mdogo wake Rehema, Baraka, mtoto wa miaka minne aliyekuwa akitufuata Jumapili akiburuza kiti cha plastiki, akashikwa na homa. Ilipanda kichwani kwa siku moja. Mama yake alikuwa muuguzi, hakuchelewa, na wenzake pale hospitalini walikesha naye. Yote ya kufanywa yalifanywa. Rehema alikuja darasani alfajiri na macho yamevimba, akasema, "Mwalimu, tufunge." Tukafunga sote, hata yule mdogo wa kidato cha kwanza ambaye nilimwambia anywe maji akakataa. Siku ya pili mchana, Baraka akafariki.

Baba yao alikuwa kazini Mtwara, akafika kesho yake kwa ndege ndogo. Wakristo tulikuwa wachache, wanaume wenye nguvu wachache zaidi, na kaburi lilitakiwa kuchimbwa katika ardhi yenye mawe. Niliondoka asubuhi nikiwa sijui nani atachimba. Nilipofika nilimkuta Mzee Athumani ndani ya shimo mpaka kiunoni, na vijana watatu wa Kiegeani wakipokezana naye jembe. Bi Zaituni alikuwa kwa mama yake Rehema tangu usiku. Alikuwa amemkalisha mkekani, amemshika mgongo, na hakumwambia neno lolote la dini, lake wala letu. Alimwambia tu, "Kunywa, mama. Kidogo." Wiki iliyofuata Mzee Athumani alikuja tena nyumbani, akamwambia dada yake yaleyale juu ya manabii wangu, kwa sauti ileile. Nilikuwa kijana, nikashangaa. Leo sishangai. Alikuwa na imani moja tu, na ndiyo iliyomleta kaburini na ndiyo iliyomleta nyumbani kulalamika.

Rehema hakuja darasani. Nilimpitia kwao, akanisalimu vizuri, akanitengea kiti, akarudi kufua. Siku ya tatu aliniuliza akiwa amenipa mgongo, "Mwalimu, tulibisha mlango. Si ndiyo?" Nikasema ndiyo. "Basi," akasema, akakamua shati. Nilirudi nyumbani nikatandaza majarida yote kitandani nikitafuta jibu. Niliyapata majibu, mengi, yote mazuri, na kila nililolisoma nililiona halifai kuwekwa mbele ya msichana anayefua nguo za mdogo wake aliyekufa. Barazani, Bi Zaituni alikuwa anawahadithia watoto waliobaki kisa cha Nabii Ayubu: alivyokuwa na mali na watoto, alivyopotelewa na vyote, alivyougua, na alivyosubiri. Alisimulia polepole. "Akasubiri," alisema, na watoto wakaitikia, "Akasubiri." Mimi pia nilikuwa na Ayubu katika kitabu changu, na nilikuwa nimemruka katika ratiba, kwa sababu Ayubu wangu hakuwa mtulivu kiasi hicho.

Jumatatu Rehema akaja. Alikaa karibu na mlango, viatu vyake vimepangwa tayari kwa kutoka. Nikaacha somo lililoandikwa. Tukafungua Ayubu, nikawasomea alivyoilaani siku aliyozaliwa, alivyomwita Mungu kama mtu anayemwita mdaiwa shaurini, na marafiki zake waliofanya vizuri kwa muda wote waliokaa naye kimya, wakaharibu walipofungua midomo. Kisha nikachukua hotuba ambayo niliwahi kuiweka kando kwa kuwa haikuwa na fundisho la kuandika ubaoni. Nabii yule mzee aliitoa baada ya kufiwa na mkewe. Alieleza kwamba nyumba imekuwa kubwa mno, kwamba kila asubuhi anaandaa vikombe viwili kwa mazoea, na kwamba kuna swali ameliuliza magotini na hadi siku ile hajajibiwa. Nilisoma mpaka mwisho, sikuongeza neno.

Rehema alikuwa anatazama sakafu. "Nabii naye hakujibiwa?"

"Ndivyo anavyosema."

"Na Ayubu aligomba."

"Aligomba."

"Bi Zaituni anawaambia watoto alisubiri."

"Labda alifanya yote mawili," nikasema. "Sijui, Rehema. Kwa nini Baraka, sijui. Sitakudanganya."

Halafu, kutoka uani, juu ya ukuta, bila kupazwa, ikaja sauti ya Bi Zaituni: "Alisubiri."

Rehema alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kikageuka kilio kabla hakijaisha, na wenzake wakamsogelea pale mkekani wakamzunguka. Nilibaki na jarida magotini. Bi Zaituni akaja mlangoni na jagi la uji, akaangalia, akaliweka chini, akarudi. Hatukuimba siku ile wala hatukulifunga darasa kwa sala. Waliinuka mmoja mmoja wakavaa viatu wakaenda shule.

Ni kitu gani kilinibadilisha mwaka ule, nimeulizwa mara nyingi, hasa na walimu vijana wa kanisa ninaowafundisha siku hizi. Wanategemea niseme niliona muujiza. Nawaambia niliona kwamba naweza kukaa katika nyumba ya mtu asiyekubali ninachofundisha, nikakifundisha wazi, naye akanisikia, na hakuna aliyepungukiwa na Mungu wake. Tena niliona kwa nini nampenda nabii aliye hai. Nilidhani ni kwa sababu ana majibu mapya. Kumbe ni kwa sababu Ayubu hawezi tena kuniambia kwamba mambo bado magumu, na yule mzee mwenye vikombe viwili aliweza. Imani yangu haikuwa kubwa zaidi mwaka ulipoisha. Ilikuwa imepungua maneno.

Desemba nilipata uhamisho wa kurudi bara. Jioni ya kufunga mizigo Bi Zaituni aliniletea mkate wa kumimina umefungwa katika kitambaa, akakaa kwenye kitanda changu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Dini yako sikuipenda," akasema. "Wewe nimekupenda." Nikamwambia nami yake siifuati, lakini sauti yake ya alasiri nitaitafuta. Akasema nisiitafute, nipige simu. Nikapiga, miaka yote, karibu kila Iddi na kila Krismasi, na kila mara aliniuliza kama nimeshajua kupika wali.

Asubuhi yangu ya mwisho sikufundisha mimi. Nilikuwa nimemwomba Rehema ashike darasa, kwa kuwa hapakuwa na mwingine, naye akakubali bila kusema kwa nini. Alikaa mahali pangu, mgongo ukutani, kitabu mkononi. Mimi nilikaa mkekani kati ya wanafunzi. Alisoma mistari yake, akasoma kipande cha hotuba alichokichagua mwenyewe, akauliza kama kuna swali. Yule wa kidato cha kwanza akanyoosha mkono.

"Dada Rehema, kama nabii yu hai na ndege zipo, mbona haji Mafia?"

Wenzake wakaguna. Rehema akaniangalia. Nikainamisha macho nikaangalia mkeka, nikajizuia nisiseme lolote, na kujizuia huko kulinigharimu kuliko masomo yote niliyofundisha mwaka mzima. Nilimsikia akifunua ukurasa.

"Sijui," akasema. "Soma wewe mstari unaofuata, tuone."